Kipindi Chako Kilichoninyang'anya Jumapili

Mpendwa ndugu yangu Mogaka,

Nakuandikia hapa mtandaoni, mbele za watu, kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikianza kulalamika unaigiza sauti yangu, nami nacheka, na nikishakata simu nakuta lalamiko langu bado ninalo. Hapa utanisoma mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kwanza nikupe haki yako. Kipindi chenu ni kizuri. Watu wanne kwenye meza ndefu, mtangazaji katikati anasoma habari za wiki kama anayesoma matangazo ya vifo, halafu mnazirarua, kila mmoja kwa upande wake. Hapa Keumbu wanakitazama kwa kinyozi na hotelini, na hata mteja aliyekuja kutafuta mabati dukani kwangu huniuliza, "Huyu Mogaka wa Ijumaa ni wenu?" Namwambia ni wetu. Basi mambo ya mabati yanaishia hapo. Anataka kujua kama hata nyumbani ulikuwa hivyo.

Ulikuwa hivyo. Unakumbuka tukichuma chai kwetu Gesima, wewe nyuma yangu kwenye mstari, kikapu chako hata nusu hakijafika, unaniigizia karani wa kibanda cha kupimia akikataa majani? "Hii ni chai ama ni malisho ya mbuzi?" Nilikuwa nacheka huku mikono inachuma. Jioni kikapu changu kilikuwa kimejaa mara mbili ya chako, na aliyesifiwa mezani kwa kuchangamsha watu ni wewe. Hesabu hiyo haijabadilika tangu siku hizo.

Na kile kichekesho cha mfereji. Siku ile walipokuja kuzindua maji kijijini, mgeni rasmi akakata utepe, akafungua mfereji, ukakohoa hewa tupu. Nilisema jikoni kwamba mfereji huo una kifua, upelekwe hospitali, shida ni kwamba hospitali nayo ilizinduliwa na haina dawa. Tata, baba yetu, alinisikia kutoka sebuleni. "Moiseke, heshimu wakubwa." Kwake mimi ni moiseke, msichana, hata leo. Wewe ulikuwa umeketi kando yake, ukiyasikia yote. Miezi michache iliyopita uliyasema hayohayo kwenye runinga, neno kwa neno, na Tata alicheka mpaka akavua miwani. Najua kwa sababu nilikuwa naye.

Nilikuwa naye kwa sababu ya Sabato. Unamjua baba yetu. Ijumaa, jua likikaribia kuzama, anazima runinga na kuifunika kile kitambaa cha kufuma, na haifunuliwi mpaka Jumamosi jioni. Kipindi chenu hutoka Ijumaa saa moja na nusu usiku. Ulipochukuliwa kule, kijiji kizima kilikuona isipokuwa mzee wa kanisa aliyekuzaa. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kama anayeulizia mvua, "Wanasema Mogaka alivaa suti?"

Mimi ni mtu wa kutafuta njia. Aliyeanza kwa kutandaza misumari juu ya gunia kando ya barabara hashindwi na kitambaa. Nikawa napakua kipindi kwenye simu hapa Keumbu, maana mtandao wa Gesima huja na kuondoka kama ukungu, na Jumapili mchana nafunga duka nampelekea. Sikio lake la kushoto limelala, kwa hiyo nilikaa kulia. Waya wa kusikilizia ni mfupi. Upande mmoja sikioni kwake, mwingine kwangu, vichwa vimegusana. Mogaka, mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba ile, na sikumbuki Tata akinikalia karibu hivyo tangu nilipopata nguvu za kubeba mtungi wa maji. Kicheko chake nilikuwa nakipata kwenye mfupa kabla hakijawa sauti.

Siku moja nilimuuliza anapenda nini hapo, maana habari ni zilezile anazozisikiliza kwenye redio akitikisa kichwa. Akasimamisha picha kwa kidole, jambo nililomfundisha mimi.

"Redio inanipa hasira, na mimi naenda kulala nayo peke yangu. Hawa wanaigawa. Kila mmoja anabeba kipande. Ikinifikia imeshakuwa nyepesi."

"Na mimi je, Tata, sibebi?"

"Wewe umeshika simu."

Nilicheka. Ungekuwepo ungeichukua hiyo pia.

Halafu ukatuma dikoda, king'amuzi cha kuunganisha na runinga. Inajirekodi yenyewe. Ijumaa runinga imefunikwa, kitambaa kiko mahali pake, Sabato haijaguswa, na hiyo dikoda iko kimya inameza kipindi. Jumamosi jioni, wimbo wa kufunga Sabato ukishaimbwa na maombi yakishasemwa, Tata anafunua, na jirani yetu Mzee Onchiri anaingia na fimbo yake, na wazee wengine wawili watatu nyuma yake. Wanabishana, wanakatizana, wanakumalizia maneno. Sebule imekuwa kama meza yenu. Mzee Onchiri anakaa kulia.

Mimi sikuambiwa. Jumapili nilifika na simu imejaa chaji, nikatoa waya. Tata akaniangalia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Hiyo tulishaiona jana, moiseke. Mogaka ametuua."

"Basi tuirudie."

"Chai haichemshwi mara mbili." Akainuka. "Mlango wa banda la kuku umelegea. Bawaba ziko pale dukani kwako?"

Zilikuwa ndani ya mkoba, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Nikatengeneza mlango wa kuku. Kutoka sebuleni nilimsikia akimsimulia mtu kwenye simu ulivyosema hivi na yule mwenzako akajibu vile, na anacheka upya. Kwa mtu wa kwenye simu, chai ilichemshwa mara mbili.

Wewe hutumia neno wivu kuchekesha watu. Mimi ninao, na siuonei haya. Ijumaa una nchi nzima. Jumamosi una wazee wote wa ukoo. Katika siku saba mimi nilikuwa na mchana mmoja, na katika watu wote wanaokucheka nilikuwa na mmoja. Ukaona hata huyo afikishiwe bila kupitia kwangu. Najua ulitaka kunipunguzia safari. Nani alikwambia nilikuwa nimechoka?

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike leo. Kifurushi cha dikoda kimeisha. Tata hajui kulipia, kwa hiyo alinipigia mimi. "Moiseke, hiki kitu kimeandika maneno, hakionyeshi tena. Kilipie kabla ya Ijumaa." Nikamwambia mtandao wa kulipia unasumbua.

Mtandao hausumbui, Mogaka. Ndio huu ninaoutumia kukuandikia.

Akichoka kunisubiri atakupigia wewe. Na wewe, kwa wema wako, utalipia hata kabla hajamaliza kusema. Usilipie. Mwambie lolote, maneno si unayo. Na usiogope kwamba atasoma haya, Tata hasomi kitu kisicho na jalada. Simnyimi dikoda yake. Wiki ijayo nitailipia mimi mwenyewe, na Mzee Onchiri arudi kwenye kiti. Lakini Jumapili hii niachie.

Ubaki salama huko Nairobi, na Ijumaa ukiketi pale mezani jitahidi kuliko siku zote. Nikimpelekea kipindi kibaya atasinzia, na mimi sina kingine cha kumshikia pale.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa