Saumu Haitaningoja

Mama Kemunto,

Bwakire! Nakupima kwa salamu ya Ekegusii, wewe mtu wa Voi. Baridi ya Kebirigo inakufanyaje? Kifua ya Kemunto imepoa? Mimi huku Mombasa ni mzima, ni jasho tu inanimaliza.

Moraa dada yangu alifika jana akaniambia simu yako iko kwa fundi, na umesema kitunguu saumu yetu majani ya chini imekauka, ya juu bado kijani, na mvua imerudi. Tangu hapo sijatulia. Nakaa, nasimama. Hapa hotelini nikajimenya kidole badala ya saumu, mpishi akaniuliza, "We Mkisii, leo tunapika saumu ama nyama yako?"

Nikamkimbilia mama wa Taveta anayetuletea saumu. Nikamwambia mama yangu anataka tungoje majani yote ikauke, kama kitunguu ya kawaida. Alicheka mpaka akashika mlango. "Baba, na hiyo mvua? Ganda itapasuka, utaokota punje moja moja kwa matope kama maharagwe. Ng'oa moja, kata katikati. Ukiona punje imejaa na ganda bado imeshika, toa zote."

Sasa hapa ndio panauma. Najua nilikukataza usiguse mpaka nije. Mwaka jana ni mimi niliharibu. Kila asubuhi nafukua kuangalia, mwishowe nikang'oa zote zikiwa kama kokoto. Mama akasema, "Wewe hata mtoto tumboni ungemchungulia." Nilitaka safari hii anione nikivuna kitu ya maana. Lakini livu ya kazi nimenyimwa mpaka mwezi ujao. Hii ikioza, mbegu imeisha, na mama atarudisha ndizi yake hapo. Atakuwa na haki.

Kwa hivyo ng'oa. Jumapili usichimbe, usinitafutie kesi na kanisa. Chimbua na jembe kando, usivute majani. Usioshe. Ning'iniza kwa veranda penye hewa, si kwa jua. Mama akikataa usibishane, kata hiyo moja mbele yake aone. Ndio maana sikupiga kwa simu yake, angesikia nusu akate.

Msalimie mama na magoti yake, na ndugu yangu mdogo wa kuchuna majani chai, akusaidie kubeba. Kemunto mbebe mgongoni, umwambie ni baba.

Moraa ananiita achukue hii barua, basi yake ya kurudi huko inawaka. Hata mbili tatu usiniwekee shambani nije kung'oa. Toa zote.

Bwana yako,
Baba Kemunto