Picha Zenye Ukungu

Dada yangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila nimechoka kuulizwa kama kamera yangu ni mbovu. Nimerudia ule mtindo wa zamani wa picha laini zenye ukungu, zinazofanana na michoro, na nazisafisha mwenyewe kwa mkono. Jana mwenye ukumbi wa maonyesho alinirudishia zote. "Tuletee zinazoonekana!"

Nilifika nyumbani nikifoka, nikamwonyesha Mama picha yako ya mlangoni. Akaisogeza karibu na pua.

"Ukungu gani? Mbona watu wote wako hivi siku hizi?"

Miezi yote hii nimekuwa nikimgombeza kwa kumwaga chai.

Nikimtajia daktari wa macho, anagoma. Njoo, Dada. Wewe hakukatalii.

Ni mimi, mdogo wako.