Kaburi la Mama Lilihamishwa Bure

Jumamosi, mwezi wa saba. Nyeri.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimekaa jikoni na sweta mbili na bado nasikia baridi.

Dada yangu Wairimu alipiga simu saa nne. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na Baba, huko chini ya mji wa Kenol, Murang'a.

"Wamefuta ule mradi," akasema. "Hakuna kituo. Watu wako barabarani wanaimba."

Yeye mwenyewe hakuwa anaimba. Kisha akaongeza, "Baba anauliza kama sasa tunaweza kumrudisha Mama."

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Kampuni ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe kwenye tambarare inayopakana na shamba letu. Wairimu alipinga tangu siku ya kwanza. Aliogopa moshi, aliogopa mto utachafuka, na hakukosa mkutano hata mmoja. Mimi nilikitaka. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi. Mtu wa kampuni aliniambia familia zitakazokubali mapema zitafikiriwa kwanza kwa kazi. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Kaburi la Mama, ukingoni mwa shamba letu, liliangukia ndani ya mpaka waliouchora.

Baba aliniachia mambo ya karatasi kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Alisema atakaa na ndugu zake kwanza, anipe jibu Jumapili. Mimi nilitia sahihi ruhusa ya kuhamisha kaburi Alhamisi, kabla hajanijibu. Niliandika kwamba mzee amekubali.

Jumapili akaniambia, "Nyambura, tumekataa. Waambie mama yenu hatoki pale."

Nikasema, "Sawa, Baba. Nitawaambia."

Sikuwaambia.

Wiki kadhaa baadaye wafanyakazi walifika na karatasi ya ruhusa, na chifu akiwa nao. Baba alisimama kando ya migomba ameshika kofia yake kifuani. Walimtoa Mama wakamweka kwenye sanduku dogo ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba. Siku hiyo hiyo tukamzika upya katika makaburi ya mjini Murang'a, karibu na ukuta, kati ya watu tusiowajua.

Baba aliamua kwamba ni chifu aliyemuuza Mama kwa kampuni. Hajamsalimia tangu siku hiyo. Chifu alipokuja kutupa pole tulipofiwa na baba mdogo, Baba aliinuka akatoka, akasimama nje kwenye manyunyu mpaka mgeni alipoondoka. Mimi ndiye niliyemwekea chifu chai. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee ana shida gani na mimi?" Nikamwambia ni uzee tu.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Kazi ya mume wangu haikuja. Sasa hata kituo hakitakuja. Wairimu anasema pale chini pamebaki ua wa waya na lile shimo la kaburi, na nyasi zimeanza kuota ndani ya shimo.

Mchana nilimpigia tena nikamwambia nakuja kesho.

"Si umjibu Baba tu kwa simu?" akauliza. "Nimpe simu?"

"Hapana. Hili nitalisema nikiwa mbele yake."

Nadhani alielewa, kwa sababu hakuniuliza ni jambo gani. Labda amejua siku zote.

Kuhusu kumrudisha Mama, sijui kama inawezekana, na sijui kama Baba atavumilia kuliona tena lile sanduku. Hilo wataamua yeye na Wairimu. Mimi nilishaamua mara moja, na inatosha.

Kesho wakitoka kanisani nitakuwa nimefika. Nitamwambia sahihi ile ni yangu, kisha nitaenda kwa chifu nimwambie hivyo hivyo.

Baba akinifukuza, nitaondoka. Angalau atakuwa anamkasirikia mtu anayestahili.