Fundi Hatoki Kitabuni

Baba yangu, fundi wa mtaa wa Gitega,

Leo nimegombana na mtu kwa ajili yako, na sijutii hata kidogo.

Hukuwahi kujua kwamba mwanao angeandika riwaya za upelelezi. Vitabu viwili vimeshatoka, vyote vya Inspekta Zaninka, mwanamke asiyekubali kudanganywa. Katika hiki cha tatu anamtafuta fundi cherehani aliyetoka asubuhi kupeleka koti kwa mteja mtaani Kiyovu, asirudi tena. Unamjua fundi huyo. Sura moja Zaninka yuko Kigali ya leo, amekwama kwenye foleni ya magari ya njiapanda ya Sonatubes, anagonga milango ya wazee wanaojifanya wamesahau. Sura inayofuata tunarudi miaka ile, kibarazani kwetu, nawe uko hai, cherehani inalia na pini umezibana mdomoni.

Mchapishaji wangu, kijana mstaarabu aliyekulia Kampala, amenikalisha ofisini kwake Kiyovu, akanimiminia chai.

"Dada, hizi sura za zamani iko nachelewesha stori," akasema. "Toa zote. Bakisha inspekta na muuaji, basi."

Nikalikumbuka gauni langu la kijani la Idi. Ulinishonea na pindo kubwa kwa ndani, kama mafundi wote wa mtaani walivyowashonea binti zao, ili mwaka unaofuata lifumuliwe na kurefushwa. Ulipolifumua, ukabaki mstari: juu yake rangi imepauka, chini yake kijani kama kipya. Mama akaleta utepe wa kuuficha. Mimi nalia, nikijua wasichana watanicheka. Wewe ukakata uzi kwa meno, ukamkatalia.

"Oya, mama. Wacha ionekane. Hii gauni iko na umri wake."

Walinicheka kweli. Nilikununia hadi sambusa zilipoletwa.

Siku hizi, Baba, kila mtu ananiletea utepe. Shangazi anasema niyaache yapite. Majirani wananiuliza ninafukua nini. Nafukua kwa sababu hakuna aliyekutafuta! Hatuna hata kaburi la kulisomea dua. Nimekukosa sana, na nimechoka kukukosa kimyakimya.

Basi nikaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, msomaji hajamwona fundi akicheka, hajamsikia akimtania mkewe. Nani atajali kama anapatikana au hapatikani?"

Akaangalia chai yake. Akasema kwa upole kwamba, kama ni hivyo, kitabu hakitatoka kwake.

"Kisitoke," nikamjibu. Nikakusanya karatasi zangu, nikateremka kwa miguu mpaka Gitega, njia ileile uliyoipanda na koti mkononi. Wewe hukurudi nayo. Leo nimerudi nayo mimi, na miguu inaniuma, na nina hasira, na nina furaha ya ajabu.

Nitakichapisha mwenyewe, hata ikibidi nikiuze pale kibarazani kwetu. Hakuna sura yako hata moja itakayotolewa. Humu Kigali yuko mtu anayejua ulikoishia. Pengine ananisoma tangu kitabu cha kwanza, anafungua kurasa za mwisho upesi kuona kama Zaninka ameshafika mlangoni kwake.

Hajafika bado. Lala popote walipokulaza, Baba. Tunakuja, mimi na yeye.

Binti yako,
yule wa gauni la kijani