Bunduki Niliyomnunulia Joanasie

Kimmirut,
mwezi wa mayai ya ndege

Kwako Da Kaudjak, uliyelazwa hospitali ya Montreal,

Pokea kwanza salamu zangu, nazo ni nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Figo zinakwendaje? Usingizi unaupata? Bado wanakulisha zile njegere za kupondwa, au wameshaelewa kwamba mtu wa kwetu hawezi kupona kwa majani? Mimi mwilini sijambo. Nyumba yako naitazama kila siku, na mlango nimeupigilia mbao kwa sababu watoto wa jirani waliufanya uwanja wa michezo. Barafu ya ghuba imeanza kupasuka, na bata bukini wamerudi wakipiga kelele kama wajumbe wa kamati ya kanisa.

Barua hii isome mwenyewe, dada yangu, usimpe yule mkalimani akusomee. Najua herufi zangu zimepinda, maana shule yangu ilikuwa mama na kitabu cha sala, lakini utazifahamu. Joanasie yumo safarini kuja huko, anasubiri nafasi ya ndege njiani, na atafika kitandani kwako. Nataka barua itangulie, kwa sababu lipo neno kuhusu ile nyama ya windo lake la kwanza niliyokutumia kwa ndege, na sitaki ulisikie kwake. Nataka ulisikie kwangu, halafu uamue utampokeaje.

Lakini ngoja nianze mbali kidogo. Wewe uliondoka kwenda kutibiwa Joanasie akiwa ndiyo kwanza amerudi, kwa hiyo hujamwona alivyotulia. Mimi sijisifu, unanijua, lakini kijana mzuri kama yule hayupo pwani hii yote. Ana urefu wa marehemu baba yangu, ambaye jina lake amelirithi, na meno yote yamo. Unakumbuka meli ya madaktari ilipomchukua akiwa mdogo, wakasema kifua kimeingia ugonjwa, na hawakumruhusu hata kushuka kuniaga? Wewe ndiye uliyenishika kiunoni nisiingie majini. Basi yule aliyeondoka kwenye koti langu la kubebea mtoto alirudi na ndevu, lugha yetu imemtoka, anasema “nataka maji” kama mtoto, na mimi nalia nikicheka. Msimu wa baridi mmoja tu akawa anaongea. Vibaya, lakini anaongea. Mimi namwita Baba kwa ajili ya jina, na mwanzoni alikuwa anageuka nyuma kutazama ninamwita nani.

Kazi aliyojifunza kusini ni kuwahudumia wazee, kuwaosha na kuwalisha. Hapa akaanza na mama yake Mosesee, yule kipofu, akamwosha nywele na kumkata kucha za miguu. Wanawake walicheka hadi wakaketi chini. Mosesee, mtani wangu, unaujua mdomo wake, akasimama dukani mbele ya watu wote akaniambia, “Uviluq, mwanao ni mwindaji hodari kweli, jana kawinda chawa wa mama yangu.” Nikamjibu kwamba bora mwanangu aliyewapata chawa, kuliko yeye aliyelala nao nyumba moja miaka yote asiwaone. Watu walicheka upande wangu siku hiyo. Lakini nilirudi nyumbani nikijisemea. Mtu mzima, ndevu zimejaa, na hajaua hata ndege. Mosesee alikuwa amemwazima kibunduki chake kidogo, na kila walipotoka kijana alirudi mikono mitupu, na Mosesee akisema kunguru wa Kimmirut wameshamzoea, wanamwamkia.

Ndipo nikasema nitamnunulia bunduki yake. Si kibunduki, bunduki hasa. Mke wa mwenye duka alikuwa na kitabu cha picha cha duka moja la kusini linalouza bunduki kuukuu za jeshi. Wanazinunua kwa serikali zikiwa zimechakaa, wanazifungua, wanabadilisha vilivyokufa na kuziuza upya. Nikamshonea yule mama viatu vya ngozi ya sili, yeye na mumewe na watoto wao wote, na kila mshono nilioutia hauingizi tone la maji, hata sasa nenda ukajaribu. Kwa viatu hivyo wakaniagizia.

Ilipofika, Da Kaudjak, laiti ungekuwepo! Ilikuwa ya vita ile kubwa ya pili. Ubao wa mbele ulikuwa umekatwa ili bunduki iwe nyepesi, chuma kimetiwa weusi mpya, na kitako kina bamba la shaba. Ilikuwa imepakwa grisi nzito ya njano kila mahali, kama mtoto aliyeanguka kwenye pipa la mafuta ya nyangumi. Joanasie akasema ni vizuri, grisi inailinda. Nikamwambia huko kwenu inailinda, huku itakuua, maana grisi ikiganda kwa baridi, chuma cha ndani hakisogei, na dubu hakungoji upashe bunduki moto. Nikaimwagia maji ya birika yanayochemka, nikaisugua kwa mafuta ya taa hadi ikawa kavu kama mfupa, nikaitundika kwenye kile chumba cha baridi cha mlangoni, isiingie ndani ikatoa jasho. Mosesee mwenyewe alikuja akalivuta lile komeo, likateleza, akalivuta tena na tena kama mtoto aliyepewa kengele.

Nikaitangaza. Nilimwambia kila mtu, dukani, kanisani, na redioni nilipiga simu wakati wa salamu nikasema kwamba Kaudjak huko Montreal akae tayari na kisu chake, windo la kwanza la mtoto aliyemkata kitovu linakuja kwake, kama ilivyo haki ya mkunga. Joanasie alikuwa amekaa pale pale akinywa chai. Aliinamia kikombe chake. Nilidhani ni adabu.

Tukaenda, mimi na yeye na Mosesee, kwa pikipiki za theluji, hadi kule kwenye maziwa marefu ambako baba alikuwa akipiga kambi. Mosesee alizunguka upande wa pili wa kilima kutafuta nyayo. Mimi na Joanasie tukatambaa juu ya ukingo, na kulungu wa theluji walikuwa pale, kundi zima, wanachimba theluji wapate majani, upepo unatoka kwao kuja kwetu. Hata mtoto angepata. Akailaza bunduki juu ya mfuko wake, akaweka shavu, nami nikaacha kupumua.

Yaliyofuata watu wote wa Kimmirut wanayajua. Mlio ulisikika, dume likaanguka, Mosesee akaja mbio huku akipiga kelele, “Nani kapiga? Nani kapiga?” Nikajibu kwa sauti iliyofika hadi baharini, “Baba kapiga!” Mosesee akamkumbatia Joanasie wakaanguka wote wawili kwenye theluji, akawa anampiga makofi ya kichwa na kumwambia kumbe ulikuwa unatuchezea, mzee wee, kumbe ulikuwa unangoja bunduki ya maana. Usiku ule redio haikunyamaza kwa pongezi. Nyama ikafungwa yote, hatukuonja hata ulimi, ikapanda ndege kuja kwako kama inavyopasa.

Ukatuma neno kwamba umeila mbichi mbele ya wauguzi, umelia, na kwamba sasa kijana wako amekuwa mtu. Na ukatuma zawadi yake, kile kisu kizuri chenye mpini wa pembe aliokuchongea marehemu mumeo.

Da Kaudjak, kumbe mimi nilikuwa nakula sumu na kuisifu ladha yake.

Joanasie hakupiga. Aliweka shavu kwenye bunduki, akakaa hivyo muda mrefu, kisha nikaona mgongo wake unatetemeka. Akainua uso, umelowa, akaniambia taratibu kwa ile lugha yake ya kuokoteza, “Mama, mimi siwezi. Sikurudi kwa ajili ya hii. Nilirudi kukuona wewe.” Akanisukumia bunduki. Na wale kulungu wakaanza kuinua vichwa, mmoja baada ya mwingine. Nikafikiria redio. Nikamfikiria Mosesee na kunguru wake. Nikakufikiria wewe na njegere zako, unangoja. Nikaichukua. Sijashika bunduki ya nguvu vile tangu usichana, lakini baba alinifundisha mapema, na wewe mwenyewe ulikuwa shahidi kwamba wanaume walikuwa hawapendi kutoka na mimi kwa sababu nawaaibisha. Risasi moja tu. Ile shaba ikanipiga bega kama mtu aliyesukuma mlango kwa teke. Joanasie alikuwa ameziba masikio. Kisha akashuka, akapiga magoti, akaweka mkono kwenye shingo ya yule mnyama, na hakuutoa mpaka joto lilipoisha.

Mosesee alipouliza nani kapiga, nami nikajibu nilivyojibu, Joanasie aliufungua mdomo wake. Akanitazama. Akaufunga. Alinibebea uongo ule, dada yangu, akaubeba katikati ya makofi na pongezi, na hakuna aliyemwona akilemewa nao isipokuwa mimi niliyemtwika. Usiku alikuwa ananikanda bega kwa maji ya moto. Lilikuwa jeusi hadi kwenye titi. Kila jioni alinikanda, na hatukulizungumza.

Kisu kilipofika ndipo yalipomshinda. Alikifungua, akakiona, akakiweka mezani na kurudisha mikono yake magotini. Akasema hawezi kukichukua, ni cha mtu mwingine. Nikamwambia asiniletee mambo ya kusini, akivae kiunoni watu wamwone, maana wataniuliza, na nitawaambia nini? Akaniuliza, wala hakupandisha sauti, “Mama, miaka yote ile ulikuwa unanisubiri mimi, au ulikuwa unamsubiri mwingine?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi, mdomo huu haujawahi kukosa. Lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa na sindano mkononi, nikaendelea kushona. Nikashona hadi uzi ukaisha, na nilipoinua macho alikuwa ameshaingia kukunja nguo zake.

Siku ya ndege, kiwanjani nilikwenda. Mama yake Mosesee alikwenda pia, kipofu vile vile, amevutwa juu ya sleji, nywele zake zimesukwa, akamshika Joanasie mikono yote miwili akakataa kuiachia hadi rubani akaja kuomba. Akauliza kwa sauti, watu wote wanasikia, ni nani atakayemwosha sasa, na Mosesee akatazama viatu vyake. Mimi nilisimama nyuma yao. Nilikuwa nimejiandaa kusema, na nilichosema ni kwamba avae kofia. Ndege ilipopaa nilikumbuka ile meli, ila safari hii hakuna aliyenichukulia. Nimemtoa mwenyewe.

Basi sasa umejua. Nyama uliyokula haikuwa ya mwanao, ilikuwa yangu. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ukitaka kunikataa udugu, nitakaa na hilo, lakini yeye usimfukuze. Atakuja na mikono mitupu na ataona haya. Usimuulize habari za kulungu. Usimwambie kwamba unajua, hadi aseme mwenyewe.

Kisu nimekifunga ndani ya kifurushi hiki, kwenye soksi ya manyoya. Usimpe siku ya kwanza. Yeye ana macho ya kuona kinachomsumbua mgonjwa kabla mgonjwa hajasema, na atakufanyia jambo. Sijui lipi, pengine mto wa kichwani utakuwa umekaa vibaya, pengine miguu itakuwa imekauka. Mwache akufanyie. Na likikupendeza, hapo mpe kisu, na umsifu kwa sauti kubwa mbele ya watu, kama ambavyo ungemsifu kwa windo. Wauguzi wasipoelewa, waache wasielewe. Wewe ndiye uliyemshika kabla yangu, kwa hiyo neno lako atalikubali. Langu sijui kama atalikubali tena.

Mosesee nimemwambia ukweli. Nilitegemea anicheke msimu mzima. Badala yake akasema ameanza kumwosha mama yake mwenyewe, na mama analalamika kwamba mikono yake ni kama ya mtu anayechuna sili. Anakusalimu. Mama yake anakusalimu sana. Mchungaji na mkewe wanakusalimu, na wale wanawake wa kushona wote, wanauliza utarudi lini.

Bunduki ipo pale pale chumba cha baridi. Naitumia mimi. Joanasie akishasema mwenyewe, mwambie bega limepona, na kama bado linauma kidogo, hilo halimhusu, usimwambie.

Kula ushibe, ulale, usibishane na madaktari.

Ni mimi mdogo wako,
Uviluq, mama yake Joanasie