Pikipiki Uliyoizoeza Hewa ya Pinga

Papa Furaha wangu (bado naandika "wangu", na atakayechukia achukie),

Sijui pa kuituma barua hii, kwa hiyo naiacha wazi. Aisome dereva wa lori, aisome mchimbaji anayeshuka machimbo ya Omate, aisome yeyote anayepita njia zako, mradi mmoja wao akukute na akuambie kwamba mke wako ana maneno. Unanijua. Mimi si mtu wa kukaa na neno kifuani mpaka linichachie. Nitayasema yote, hata yale ya kunitia aibu, na nitayasema kwa utaratibu, maana wewe una tabia ya kurukia mwisho.

Nianze na Jumapili zetu. Tukitoka kanisani ulikuwa unavua shati, unaiegemeza pikipiki, moto yako kama tunavyoiita huku kwetu, kwenye ukuta wa jikoni na kuifungua kabureta. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nimetandaza kitenge mapajani, na wewe uliniwekea humo vipande kimoja kimoja: boya, sindano, kile kikombe cha chini, na mwisho kile kishaba chenye tundu jembamba kinachopima petroli, esanse yenu madereva, ya kuingia kwenye injini. Ulikuwa na vishaba viwili, unakumbuka? Chenye tundu kubwa kilikuwa cha kule chini, Pinga, ulikobebea mizigo. Chenye tundu dogo kilikuwa cha huku kwetu milimani. Nilikuuliza kwa nini pikipiki moja itake vipimo viwili. Ukacheka, ukanipulizia usoni.

"Huku juu hewa iko kidogo," ulisema. "Ukiipa esanse ya Pinga inashiba kupita, inaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Na mie siwezi kukuja kwako na moshi."

Wanaume wengine waliwaletea wake zao vitenge kutoka Goma. Wewe ulisimama njiani kabla ya kuanza kupanda, mvua ikinyesha au jua likiwaka, ukabadilisha kishaba kwa vidole vyenye ganzi ili ufike kwangu safi. Mimi nilikuwa nakusikia tangu ng'ambo ya bonde, nikaongeza maji kwenye sufuria ya maharage. Watoto walibishana kama ni Papa au si Papa, wakanigeukia mimi niamue. Sikuwahi kukosea. Majirani walikuwa wananitania kwamba nina sikio la mbwa, na mimi nilivimba kichwa badala ya kukasirika.

Halafu akaingia yeye.

Mwanzoni alikuwa "ule mama wa mapiese", mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo na kufungua duka la vipuri Pinga. Baadaye akawa Kavira. Kavira anasema chujio la hewa lililo wazi litaipa injini pumzi. Kavira amepata bomba la moshi lisilobana. Kavira ana kishaba chenye tundu kubwa kuliko hata lile la kule chini. Kavira anajua kusogeza cheche ya buji, kile kiwashi cha injini, iwahi kidogo ili injini ivute kwa nguvu. Tulikula na Kavira, tukalala na Kavira. Halafu ukaacha kabisa kumtaja, na hapo ndipo nilipojua.

Mwanamke anayejua injini! Na mimi niliyeshika vipande vyako mapajani miaka yote ile sikuwahi kuulizwa hata siku moja ninaonaje.

Sikatai, pikipiki ilibadilika. Ulinisimulia jinsi ilivyokuwa inachomoka kwenye tope na magunia nyuma, na jinsi wenzako walivyobaki wanasukuma za kwao. Ulinieleza pia sababu, ukiwa umenishika mkono, kwa sababu uliona uso wangu.

"Barabara inafungwaka gafla, Mama Furaha. Mwenye mbio njo anapita. Mwenye kuchelewa, benye silaha banamukamatia moto na mizigo, na yeye mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Vita vilikuwa vimetuzunguka, leo kilima hiki, kesho kile. Nilitaka ufike salama kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani. Lakini nilitaka pia usalama wako usitoke mikononi mwa Kavira.

Ile siku ya moshi nilikuwa nachambua maharage uani. Nilikusikia unapanda, injini inakohoa, na wingu jeusi likakufuata mpaka mlangoni. Ukapita moja kwa moja kunawa. Nilichukua ufunguo wako, nikafungua buji mwenyewe, nikaungua kidole. Zamani ilikuwa inatoka na rangi ya ganda la karanga. Siku ile ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Nikakufuata nayo ndani.

"Haukubadilisha kishaba," nilikuambia.

"Nilisahabu."

"Wewe?"

Ulijifuta uso taratibu, kama mtu anayetafuta maneno ndani ya taulo. "Hii moto iko ya Pinga sasa," ukasema. "Huku juu nakujaka mara ngapi?"

"Basi sema tu imeoa kule."

Ulicheka. Mimi sikucheka. Nilikupa chakula kilichopoa, na ukala chote bila kulalamika, na hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu mtu asiye na hatia angelalamika. Ulipoondoka nilisimama pale uani nikinusa petroli isiyoungua mpaka harufu ikaisha.

Mara ya mwisho ulipokuja, sikukuona kabisa. Najua umeichukua siku ile kwa ubaya, kwa hiyo nisikilize. Asubuhi kulikuwa na risasi upande wa pili wa kilima. Siku hizo wenye silaha walikuwa wanatanguliza pikipiki, na sisi wanawake tulikuwa na sheria moja tu: ukisikia injini usiyoijua, chukua watoto na uache kila kitu. Basi nikasikia injini. Ilikuwa nzito, inanguruma na kupasuka kwenye kona, haina hata chembe ya ile niliyoizoea.

"Labda ni Papa," Furaha alisema.

"Moto ya papa yako niko naijua," nilimjibu, nikamvuta mkono.

Tulishuka mbio hadi chini kwenye mihogo, tukalala kifudifudi, nimewafunika wote kwa kitenge. Injini ile ilizimika huko juu, kwetu. Baadaye ikawaka tena, ikaondoka. Tulipopanda kurudi, tulimkuta jirani yetu Mama Sifa amekaa barazani kwake. Yeye miguu yake haimruhusu kukimbia, kwa hiyo alikuwa anabaki tu na kumwachia Mungu.

"Ilikuwa bwana yako," aliniambia. "Aliita, akaita. Nikamuambia, bamekimbia moto yako. Akasema, 'Kumbe bibi yangu hanijue tena.' Risasi zikakaribia, akaenda."

Nyuma ya mlango ulikuwa umeacha kidumu cha mawese. Nilikaa sakafuni kando yake. Unajua kilichonichoma? Kukukosa kuliniuma, ndiyo, lakini kilichonichoma ni kwamba Kavira asingekimbia. Mngurumo uleule wa bomba alilokufungia baada ya siku ya moshi, ulionitoa mimi mbio na watoto wako, yeye angeusikia akafungua mlango. Kazi yangu alikuwa amenipokonya, ile moja niliyokuwa naiweza kuliko wanawake wote wa kilima kile.

Muda si mrefu vita vikafika kwetu kwelikweli. Tulishuka Lushebere pamoja na wengine, na hapa ndipo tulipo mpaka leo, kwenye kibanda cha turubai kambini. Barabara ya Pinga ilifungwa. Kila aliyeniuliza mume wangu yuko wapi nilimjibu bila kusita: yuko Pinga kwa mke wake wa pili. Nilimtengeneza huyo mwanamke kichwani mwangu kwa uangalifu sana. Nilimpa makalio makubwa na jino la dhahabu. Nilimwona anakupakulia sombe ya majani ya mihogo iliyoiva vizuri, anakufulia shati, anakaa na vipande vya kabureta mapajani mwake. Nikiwa kwenye foleni ya maji nilikuwa namtukana kimoyomoyo, na foleni ilikuwa inasogea upesi.

Wengi wa wanaopanga foleni na mimi ni wajane, au hawajui kama ni wajane. Mmoja wao alichoka kunisikiliza. "Wewe uko na bahati," aliniambia. "Wako iko tu kwa mwanamuke." Nilimnunia. Nilidhani hajui anachokisema.

Juzi wakafika watu wa Pinga, kwa miguu. Huko nako kumeharibika. Miongoni mwao kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anapita kibanda kwa kibanda akimuulizia Mama Furaha. Mfupi, mwembamba, miguu imevimba, hana jino la dhahabu wala makalio ya kusimulia.

"Wewe njo Mama Furaha?"

"Njo mie."

"Mie Kavira."

Papa Furaha, matusi niliyokuwa nimeyaweka akiba yalinitoka yote kichwani. Nilisimama tu mlangoni nikauziba kwa mwili wangu.

"Sikukuja kwa magomvi," alisema. Alikuwa ananyoosha shingo achungulie ndani, nyuma ya bega langu. "Nataka tu kumuona na macho, nijue iko muzima. Halafu naenda."

"Kumuona nani?"

"Dada, usinifichie. Najua iko kwako."

Nilimuuliza kwanza nililotaka kumuuliza siku zote hizo. "Alilalaka kwako?"

"Alilalaka," akajibu. Hakuinamisha macho. Nilimchukia kwa jibu hilo, lakini ningemchukia zaidi kama angenidanganya.

Ndipo akanisimulia. Anasema baada ya siku ile uliyokuta nyumba tupu ulirudi Pinga ukiwa na uso ambao hakuwahi kuuona. Ulimwambia atoe kila alichokuuzia: bomba, chujio, kishaba kikubwa, hata cheche airudishe ilipokuwa. Alikataa. Ulikaa kwenye mlango wa duka lake mpaka akakubali. "Alisema, 'Nirudishie moto yangu vile ilikuwa. Bibi yangu ananikimbia.' Nikaitengeneza mie mwenyewe, na machozi, sababu kule hakuna mwingine wa kuipima vizuri. Vile nilikuwa nakuchukia, Mama Furaha! Ikaanza kuimba polepole, sawa moto ya mwalimu. Akasema anapitisha kwanza mizigo Omate, halafu anapanda kwako. Akaenda."

Nitakuambia ukweli, maana nilikuahidi. Nilifurahi. Nilifurahi furaha mbaya, ya kutaka kucheka mbele ya mtu mwenye miguu iliyovimba. Nilimpa maji, nikampa pa kukaa, na wala haikuwa huruma: nilitaka arudie. Nikamuuliza tena ulisemaje pale mlangoni, akarudia. Nikajifanya sikusikia vizuri, akarudia mara nyingine. Kumbe wakati wote ule nilipokuwa namchora yeye kichwani, yeye alikuwa Pinga ananichora mimi! Nilimuuliza alinichora vipi. Akasema mrefu, mweupe, mwenye kiburi. Hilo la mwisho sikulipinga.

Kisha akaweka kikombe chini, akatazama kibanda chetu chote, mkeka, sufuria, watoto.

"Sasa iko wapi?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimekuweka kwake, kumbe yeye alikuwa amekuweka kwangu. Uliondoka zamani, Papa Furaha. Alichonieleza si cha juzi. Tangu uondoke mlangoni kwake mvua zimekuja na kuisha. Mtu wa Omate hachukui muda huo kupanda kwetu, hata kwa pikipiki iliyopunguzwa nguvu.

Sasa ninamwelewa yule mama wa foleni. Siku zote hizi nilipokuwa naumia kwa ajili yako, nilikuwa nakuona unakula, unalala, unacheka, mtu anakufulia shati. Mtu ambaye hayuko hawezi kuonewa wivu. Kavira akaniambia bila kunitazama kwamba afadhali ungekuwa kwangu. Nami nikamwambia, huku nikikaza kamba ya turubai ambayo wala haikulegea, kwamba afadhali ungekuwa kwake. Sikuwahi kudhani maneno hayo yanaweza kupita kinywani mwangu. Anaishi kwetu sasa, upande wa mlangoni penye baridi. Upande mzuri sijampa na sitampa.

Basi sikiliza, na wewe unayemsomea, msomee polepole. Kama kuna mwanamke wa tatu huko Omate, sitauliza jina lake. Kaa kwake. Akupikie, akufulie, akuchagulie na vipuri. Usirudi kama hutaki. Mtume tu mtu yeyote aje aniambie kwamba mwanamke huyo yupo, kwamba ni mzuri, kwamba unampenda kunishinda mimi, nami nitamchukia kwa moyo wangu wote na kumshukuru Mungu.

Mke wako wa kwanza,
Mama Furaha