Mkono wa Kushoto wa Mama

Dada yangu, shikamoo.

Huku sijambo. Bweni zima wameenda makwao kwa sikukuu, tumebaki mimi, mlinzi na paka wa jikoni, na mwenye maneno mengi ni paka. Nimefua hadi mapazia yasiyo yangu.

Asante kwa video. Shemeji kanenepa, mwambie ndoa imemkubali. Nimeirudia mara nyingi pale Mama anapompa mwanao keki. Amempa kwa mkono wa kushoto, dada. Mama huyu huyu aliyetufinya kila tulipompa mtu kitu kwa kushoto. Wa kulia haukutoka chini ya mtandio, na nyote mkacheka kama hamkuona.

Nilipopiga simu ukanikatiza, "Mama mzima wa afya, wewe soma." Ndiyo maana naandika. Mmesahau kwamba mmenileta huku kusomea uuguzi? Juzi tu wodini tumefundishwa kumtambua mtu aliyepooza upande mmoja kabla hajafungua mdomo.

Najua mnalinda mitihani yangu. Lakini ile methali ya mficha maradhi, mimi hata kuimalizia naogopa.

Sitaki maelezo yako. Mpe Mama kalamu aniandikie mstari mmoja, hata wa kunigombeza. Mwandiko wake naujua. Ukija wako, nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
kitinda mimba wa Mama